Ukumbi wa Shule Uliogeuka Kikanisa: Tuliyojifunza kwa Kuutunza

Ukuta wa ukumbi wa zamani hapa Mombasa hutoa habari zake chini. Ukiingia, inama kwanza. Kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, penginepo hadi kifuani, utakuta lipu imefura kama chapati kwenye kikaango, rangi inabanduka maganda maganda, na kidole ukikipitisha kinatoka na unga mweupe. Ukiulamba, ni chumvi. Wazee wa uashi huiita shura. Fundi asiyeijua atakubandulia lipu yote, akupigie mpya ya saruji, achukue pesa zake aende. Masika mawili yakipita unga unatokea tena, safari hii juu zaidi.

Haya ni kwa kamati za makanisa na shule zenye ukumbi wa aina moja: ule uliojengwa kati ya mwisho wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia na uhuru, ukatumika kwa mikusanyiko ya asubuhi, mitihani na maigizo, kisha ukageuzwa kikanisa. Kumbi hizi hazimo kwenye postikadi. Mtu akitaja urithi wa Mombasa anakusudia Fort Jesus, iliyoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2011, au milango ya kuchongwa ya Mji wa Kale, na akifika kwa makanisa anakusudia Kanisa Kuu la Kianglikana lenye kuba, lililokamilika 1905. Ukumbi wenye paa la mabati na jukwaa la mbao hauna mtetezi, ingawa waliofanyia mitihani yao ndani yake bado wako hai na wanapita barabarani.

Kujua umri wake kunasaidia kujua mwili wake. Saruji ilitoka mbali hadi kiwanda cha Bamburi kilipoanza kuitengeneza hapa hapa mwaka 1954. Kwa hiyo ukumbi wa 1948 na ule wa 1958 huenda zikafanana kwa macho huku moja imeshikwa kwa chokaa na nyingine kwa saruji. Chukua msumari wa inchi 4, uchokoe mota iliyo kati ya mawe mahali pasipoonekana. Chokaa humung'unyika na kumwagika kama sukari. Saruji huukatalia msumari. Fanya hivyo katika sehemu nne au tano, maana kuta hizi zimewahi kuzibwa viraka na kila mtu kwa alichokuwa nacho. Mawe yenyewe kwa kawaida ni ya matumbawe, yaliyokatwa timboni, na jiwe la matumbawe hunywa maji kama sifongo. Nondo hupatikana kwenye lenta tu, yaani boriti ya zege juu ya milango na madirisha, na pengine kwenye nguzo za barazani.

Sheria ya Elimu ya 1968 iliziingiza shule za misheni mikononi mwa serikali, makanisa yakabaki wadhamini. Ndiyo sababu swali la kwanza la kamati liwe la karatasi: ukumbi umo kwenye hati ya nani, ya shule au ya kanisa? Ua umepita wapi, na ramani ya upimaji inasema umepita wapi? Tumeona pesa za ukarabati zikichangwa kabla ya swali hili kujibiwa, na ugomvi uliofuata ukadumu kuliko rangi. Kubadilisha matumizi ya jengo nako kunataka idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Jengo likiwa limetangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa la urithi, kwa Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006, usiguse hata dirisha kabla ya kuzungumza na watu wa Makavazi ya Kitaifa. Hayo ya ofisini yatosha.

Kumbi hizi huharibiwa zaidi na zawadi kuliko na umaskini. Kikanisa maskini hupakwa chokaa kila Krismasi na kuachwa, nacho kinasimama. Kikipata wafadhili, mmoja huleta kabro, wa pili taili, wa tatu madirisha ya alumini, wa nne silingi ya jipsamu. Kila kimoja kina mahali pake kizuri. Vikikutana juu ya ukuta wa matumbawe, vinaunyima pumzi.

Tuanze na kabro, maana ndiyo hufika mbele. Fundi wa kabro hapendi kuchimba. Anamwaga kifusi, anakishindilia, anatandaza mchanga, anapanga vitofali vya milimita 60, na kiwanja kinapanda sentimita 15 au 20 bila mtu kuona. Kumbe ndani ya ukuta, kama sentimita 15 juu ya ardhi ya zamani, mjenzi alitandaza ukanda wa lami ili kuzuia maji yasipande. Sasa ukanda umezikwa. Maji ya mvua yanaegemea ukuta juu yake, na Mei, mwezi wa mvua kubwa kupita yote hapa kwetu, ukuta unakunywa usiku na mchana. Shura huanza mwaka unaofuata, na wa kulaumiwa huwa fundi wa rangi.

Dawa yake haina fahari. Ng'oa kabro kandokando ya ukuta wote, upana wa sentimita 40. Chimba hadi uukute ule ukanda wa lami, ushuke sentimita 20 chini yake, ujaze kokoto safi zisizo na vumbi. Kabro zilizobaki zilazwe kwa mteremko wa kwenda nje, angalau sentimita 2 kwa kila mita. Angalia pia bomba la kushusha maji ya paa linamwaga wapi. Nusu ya kuta zenye shura tulizochunguza zina bomba lililokatika karibu.

Mfereji ukishachimbwa, ngoja. Hapa ndipo kamati nyingi hushindwa. Ukuta hukauka polepole, na kipimo cha kukadiria ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ukuta wa sentimita 45 ni mwaka na nusu. Bandua lipu iliyooza, pandisha hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu, kwa tindo na nyundo nyepesi, mashine isikaribie. Kisha acha mawe wazi. Waumini watalalamika kuwa kanisa linaonekana kama boma. Tundika vitambaa kwenye ufito uliosogezwa sentimita 5 kutoka ukutani, hewa ipite nyuma, na maisha yaendelee. Kila wiki mbili pangusa chumvi kwa brashi kavu, uikusanye kwenye gazeti, uitoe nje kabisa. Usioshe ukuta. Maji yanairudisha chumvi ndani, nayo itatoka tena siku jua likiwaka.

Ukifika wakati wa lipu, iwe ya chokaa. Sababu ni hii: unyevu ulio ndani ya jiwe lazima utoke, na unapotoka huacha chumvi pale unapokaukia. Lipu ya chokaa ni laini na ina vinyweleo, kwa hiyo unyevu hukaukia ndani yake. Ikichoka baada ya miaka unaibandua na jiwe limesalimika. Lipu ya saruji huziba. Unyevu unapanda hadi ukutane na mwisho wa saruji, au chumvi inaganda nyuma yake na kuisukuma ianguke na uso wa jiwe.

Chokaa ya mfuko inafaa ikiwa mbichi, yaani haijakaa dukani mwaka mzima ikipigwa na hewa. Iloweke kwenye pipa wiki tatu kwa uchache, maji yakiifunika kwa vidole vinne. Ile ya tanuri, iliyochomwa na kuzimuliwa, iachwe miezi mitatu. Ikiwa tayari inakatika kwa mwiko kama siagi. Mchanga ni wa mto, mkali, uliooshwa. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na kuupaka ni kurudisha mwizi ndani ya nyumba. Weka konzi ya mchanga kwenye chupa ya maji, tikisa, acha dakika kumi, onja maji. Ulimi hauhitaji maabara.

Kipimo ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Mashimo makubwa yatomewe kwanza kwa vipande vya mawe na mota ile ile. Ukiyajaza lipu tupu itanyauka na kupasuka. Lowesha ukuta jioni, na tena asubuhi kabla ya kazi. Mkono wa kwanza uwe milimita 10 hadi 12, uukwaruze ukiwa bado laini ili wa pili ushike. Ngoja siku 7 hadi 10. Mkono wa pili milimita 8 hadi 10. Wa mwisho, ambao wazee huuita niru, milimita 3 kwa mchanga uliochekechwa. Kila mkono ufunikwe gunia lililoloweshwa maji matamu, asubuhi, adhuhuri na jioni, wiki nzima. Kijana wa kulowesha magunia ni muhimu kuliko fundi mwenyewe, na ndiye wa kwanza kupunguzwa bajeti ikikaza. Kaskazi ikivuma, lipu hukauka kabla ya kushika na kutoa nyufa kama za tope la bwawani. Kazi hii ifanywe Juni hadi Agosti. Malizia kwa chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, mmoja kwa siku. Rangi ya plastiki ikipita juu yake, umerudi ulikoanzia.

Kuna wanaotia saruji "kidogo tu, ishike haraka". Inashika haraka. Pia inaachana na ukuta haraka.

Lenta ni kesi nyingine, maana pale ni zege. Mara nyingi ilichanganywa kwa mchanga wenye chumvi, na kutu ya nondo huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma chenyewe, hivyo zege linapasuliwa kutoka ndani. Pita na nyundo ndogo ukigonga: palipo pazima panatoa mlio mkali, palipoachia panalia tupu kama debe. Chonga hadi upite nyuma ya nondo kwa sentimita 2, sugua hadi chuma king'ae, paka dawa ya kuzuia kutu, uzibe kwa mota ya saruji 1 kwa mchanga 3, nondo ifunikwe sentimita 4 au zaidi. Anayepaka saruji juu ya kutu anaficha tu. Kama nondo imeliwa zaidi ya robo ya unene wake, mwite mhandisi, na ibada isifanyike chini ya lenta hiyo.

Juu ya paa, ulizo la kwanza: je, ni simiti ya asbesto, ile yenye nyuzi zinazodhuru mapafu? Mabamba ya mawimbi ya rangi ya kijivu, mazito, yenye boliti za ndoano na ukungu mweusi, yahesabu kuwa ni asbesto hadi maabara iseme vingine. Yakiwa mazima, yasiguswe: usitoboe, usikate, usisugue ukungu kwa brashi kavu, na usilete mashine ya maji ya kasi. Usiyakanyage pia, yanavunjika bila kuonya. Yakipasuka, kuondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira: huloweshwa, hufunguliwa mzima mzima, hufungwa kwa nailoni mara mbili, na kusafirishwa hadi dampo lililoidhinishwa. Tumewahi kuona vipande vikigeuzwa njia ya kupitia matope. Hilo ni kosa la kuogopesha kweli kweli.

Paa la vigae vya udongo vya Mangalore lina mtego wake. Kilo 40 kwa mita ya mraba, ndiyo uzito wake kwa kukadiria, na uzito huo ndio uliolibana paa lisiinuliwe na kusi. Ukilibadilisha kwa mabati, umebakisha kilo 4 hivi. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zile zile, ukuta ule ule, na hakuna kinacholishikilia. Kila kenchi ifungwe kwa ukanda wa chuma hadi kwenye lenta kabla bati la kwanza halijapanda. Na bati la geji 30 karibu na bahari ni pesa ya kutupa. Nunua geji 28, maana namba ikishuka bati linanenepa, au nenda alumini, misumari ya kofia iwe ya kuendana.

Sasa madirisha. Wajenzi wa kumbi hizi walijua upepo. Pande ndefu zilielekezwa kaskazini na kusini ili jua lisichome ukuta mrefu, madirisha yakapangwa yakitazamana, na juu yake matofali ya matundu ili joto litoke chini ya paa. Dirisha la bawaba au la luva hufunguka lote. La alumini la kuteleza hufunguka nusu, basi. Weka kumi na mbili na umekata upepo wa kanisa zima nusu kwa nusu. Watu wanalalamika joto, matundu ya juu yanazibwa, viyoyozi vinanunuliwa, na asubuhi ukuta unatoka jasho. Madirisha ya chuma ya zamani hutengenezeka: toa vioo, chokoa puti, sugua kutu, paka rangi ya zinki mikono miwili, rudisha vioo kwa puti mpya. Fundi mzuri wa kuchomelea anamaliza dirisha moja kwa siku mbili.

Mwangwi hausemwi sana, na ndio unaofanya wazee wa benchi la nyuma wasisikie mahubiri. Tuseme ukumbi una mita 18 kwa 9, urefu wa kwenda juu mita 5. Ujazo wake ni mita 810 za ujazo. Kanuni ya Sabine inasema uzidishe ujazo kwa 0.161, upate 130, kisha ugawe kwa uwezo wa nyuso zote kufyonza sauti, upate sekunde ambazo mwangwi unakaa. Kuta za lipu, sakafu ya saruji na silingi ya jipsamu hufyonza kama vizio 24 tu. Sauti inakaa zaidi ya sekunde 5 hewani. Kila mtu aliyeketi anafyonza karibu 0.45, hivyo watu 150 wa Jumapili wanaishusha hadi sekunde 1.4, neno linasikika. Ibada ya Jumatano ya watu 40 inarudi sekunde 3, na mhubiri anagombana na sauti yake mwenyewe. Ile silingi chakavu ya ubao laini, iliyong'olewa kwa sababu imepitwa na wakati, peke yake ingefyonza karibu 50. Ukumbi mtupu ungekuwa chini ya sekunde 2. Kama bado mnayo, itunzeni. Badilisheni mbao zilizooza moja moja, na msiipake rangi nzito inayoziba vinyweleo vyake. Kuongeza spika kubwa kwenye ukumbi wenye mwangwi ni kuongeza maji kwenye mafuriko. Spika nyembamba nne, mbili kila upande, zikielekezwa vichwani mwa watu na kufunguliwa kwa sauti ya chini, hufaa zaidi.

Sakafu ya saruji nyekundu nayo iacheni. Taili huifunga, unyevu wa chini unakimbilia kutani, na shura imepata njia nyingine. Nta kidogo, halafu makumbi ya nazi. Ndiyo, kumbi husuguliwa kwa makumbi, Kiswahili kimetutania.

Jukwaa ndilo lililogeuzwa kuwa madhabahu, na mara nyingi geuzo hilo limefanywa kwa haraka. Meza ya graniti ya mita 1.5 kwa 0.8, unene wa sentimita 5, ina kilo 160 na ushei kabla ya miguu. Mbao za jukwaa zilipimwa kwa watoto wanaoigiza, uzito unaotembea na kuondoka. Meza haiondoki. Jenga nguzo mbili za matofali chini yake zikitoka ardhini, zifike kwenye boriti bila kuinyanyua, na juu ya kila nguzo uweke bamba la bati lililokunjwa pembezoni ili mchwa asipande kwa siri. Chini ya jukwaa pasigeuzwe stoo. Makaratasi ya kwaya, mti wa Krismasi wa mwaka juzi na mabenchi yaliyovunjika ni karamu ya mchwa. Fungua kidirisha cha jukwaa kila miezi mitatu, ingia na kurunzi, tafuta vijia vya udongo vyenye unene wa penseli vikipanda ukutani. Ukivikuta, vunja kimoja na urudi kesho yake: kikiwa kimezibwa, wapo.

Zimebaki mbao za majina. Karibu kila ukumbi ulikuwa nazo, ubao wa mvule wenye maandishi ya dhahabu: mwaka, kiranja mkuu, mshindi wa masomo. Katika kugeuza ukumbi, mtu hupendekeza ziondolewe kwa kuwa hazihusiani na ibada, hasa shule ikiwa ya watoto wa kila dini na majina ya Waislamu yamo. Zibaki. Waliotajwa, na wajukuu wao, huja kuzitafuta, na mwenye funguo awe na siku moja ya wiki ya kuwafungulia. Kuzisafisha ni kwa brashi laini ya rangi, kutoka juu kwenda chini, basi. Spiriti na sabuni huondoa dhahabu, na kitambaa chenye maji huinua mbao zilizounganishwa kwa gundi. Zipige picha moja moja mchana, taa ikiwa pembeni, na majina yaandikwe kwenye daftari jinsi yalivyo, makosa ya tahajia yakiwemo. Kwa kawaida safu za chini huwa tupu, na mapema au baadaye mfadhili ataombewa nafasi hapo. Mwekeeni kibao chake cha shaba kando ya mlango, kwenye ukuta mkavu, kwa skurubu za shaba.